Au pair, mwaka wa kujitolea au kazi ya nyumbani Ghuba: ipi ifae safari ya kwanza?

Kijana aliyemaliza kidato cha nne katika nyumba isiyo na akiba, ambaye hajawahi kushika pasipoti, huletewa njia tatu za kutoka nje mara nyingi kuliko nyingine. Ya kwanza ni kwenda Ujerumani kama au pair, yaani kuishi na familia ya huko, kuisaidia kulea watoto na kujifunza lugha yake. Ya pili ni kwenda hukohuko Ujerumani kwa mwaka wa kujitolea katika chekechea, nyumba ya wazee au kituo cha watu wenye ulemavu. Ya tatu ni kazi ya nyumbani katika nchi za Ghuba. Tutaizungumzia zaidi Saudia kwa kuwa ndiko wengi wanakopelekwa na ndiko kanuni zake zinakoweza kutajwa kwa hakika.

Matangazo ya njia hizi hufanana: picha ya ndege, mshahara kwa herufi kubwa, namba ya WhatsApp. Mambo yenyewe hayafanani. Tunayaweka sambamba kwa maswali yanayomhusu mtu asiye na kitu cha kuuza: utatoa kiasi gani kabla ya kuingiza senti ya kwanza, nani ameshika kibali chako cha kuishi huko, na kibali kikiisha unaelekea wapi. Mshahara tunauweka nyuma ya hayo makusudi, kwa sababu mshahara mkubwa unaolipa deni kubwa haujamfikia mama yako bado.

Kwanza tuondoe uvumi mmoja. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, na wiki hiyohiyo zikaenea habari za nafasi 250,000 kwa Wakenya. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: makubaliano hayataji idadi yoyote. Kwa hiyo ajenti anayekuuzia "nafasi moja katika zile laki mbili na nusu" anauza kitu kisichokuwepo. Kila njia iliyoelezwa hapa ina masharti yake na hakuna mgawo uliotengewa mtu.

Umri, maana huo haubembelezwi

Au pair wa Ujerumani awe na miaka 18 au zaidi, na awe hajatimiza 27 siku anapoomba viza. Hukaa miezi 6 hadi 12, mara moja tu maishani. Hakuna kurudia kwa familia nyingine mwaka unaofuata. Mpango wa serikali ya Ujerumani wa kujitolea uitwao weltwärts, ambao tangu mwishoni mwa 2013 hupokea pia vijana kutoka nchi za Kusini, huchukua wenye miaka 18 hadi 28, na wenye ulemavu hadi 35. Saudia hairuhusu mtu wa chini ya miaka 21 kuajiriwa kazi za nyumbani.

Hilo la mwisho tunalisisitiza. Binti wa miaka 18 anayeambiwa na dalali kwamba "tutaongeza umri kidogo kwenye karatasi" anasafiri na uongo utakaomzuia kudai haki yake. Siku mwajiri akimdhulumu, ubalozi utakuwa na jina na tarehe zisizo zake.

Wanaosoma bado sekondari, wenye miaka 15 hadi 17, wasikimbilie lolote kati ya haya. Waulize shuleni kuhusu programu za kubadilishana wanafunzi zinazolipiwa kila kitu, kama Kennedy-Lugar YES ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na ambayo imewapokea vijana wa Kenya na Tanzania.

Fedha za kutangulia

Pasipoti ni gharama ya wote. Kenya, ya kurasa 34 ni Sh 7,550 tangu bei zilipopandishwa mwaka 2024. Tanzania ni Sh 150,000, na Uganda Sh 250,000 za huko. Kinachochelewesha mara nyingi si ada bali vyeti. Jina likiwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa na Muhammad kwenye kitambulisho, lisahihishe kabla ya kulipia kitu kingine chochote, kwa sababu jina la pasipoti ndilo litakaloingia kwenye cheti cha lugha, mkataba, viza na tikiti. Kwa aliyelelewa na bibi, ambaye cheti cha mzazi hakijulikani kilipo, tenga miezi kadhaa kwa hatua hii peke yake.

Baada ya hapo njia zinaachana.

Weltwärts hulipa karibu kila kitu: tikiti ya kwenda na kurudi, viza, bima, mafunzo ya lugha, malazi, chakula na posho. Shirika linalokuomba "ada ya usajili" kwa jina la weltwärts limejitoa lenyewe kwenye mpango huo. Lakini hapa kuna mkanganyiko unaowaponza wengi. Mwaka wa kujitolea Ujerumani upo wa aina mbili. Ukipelekwa kupitia weltwärts, unachaguliwa nyumbani na shirika mshirika, na gharama zinabebwa. Ukijitafutia nafasi moja kwa moja katika taasisi ya Ujerumani, kwa utaratibu unaoitwa FSJ au BFD, utapata posho na bima ukishafika, ila kozi ya lugha nyumbani na tikiti kwa kawaida ni juu yako. Watu wawili wanaweza kufanya kazi katika nyumba moja ya wazee, mmoja akiwa amefika bure na mwingine kwa mkopo.

Au pair anajilipia kozi ya Kijerumani hadi ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, mtihani wake, viza ya euro 75, na nauli ya ndege isipokuwa familia ikubali kusaidia. Zipo familia zinazolipa nusu ya tikiti au zote. Mkikubaliana hivyo, iandikwe kwenye mkataba, kwa sababu ahadi ya kwenye simu hupotea familia ikigundua tikiti imepanda.

Kwa Saudia, gharama za kumleta mfanyakazi wa nyumbani ni za mwajiri. Mwombaji hujigharimia pasipoti, cheti cha tabia njema (Kenya ni Sh 1,050), na mara nyingi uchunguzi wa afya na mafunzo. Fuata mpangilio huu wa kutumia fedha: pasipoti, kisha medikali, kisha mafunzo. Medikali ya nchi za Ghuba hufanyika katika vituo vilivyoidhinishwa tu. Huangalia kifua kikuu kwa eksirei, VVU, homa ya ini aina B na C, na ujauzito. Aliyewahi kuugua TB akapona anaweza kukataliwa kwa kovu tu la mapafu. Ajenti anayekutoza mafunzo kwanza na medikali mwisho anajua kwamba ukianguka, fedha zako haziko tena mkononi mwako.

Sasa deni. Posho ya chini ya au pair ni euro 280 kwa mwezi, yaani euro 3,360 kwa mwaka mzima. Ukikopa euro 1,500 kwa ajili ya kozi, viza na tikiti, hiyo ni posho yote ya zaidi ya miezi mitano, bila kununua hata sabuni. Ukikopa kwa wale wa kausha damu, wenye riba ya kila wiki, mwaka utaisha hujamaliza. Ndiyo maana tunasema wazi: njia ya au pair haifai kuendewa kwa mkopo wa riba. Mchango wa ndugu, vikoba au chama kisichodai riba, sawa. Kuuza kiwanja au ng'ombe pekee, hapana.

Kinachoingia mfukoni

Hapa Ghuba inashinda, na ni haki kulikiri. Mishahara inayotajwa kwenye mikataba ya Wakenya wanaokwenda Saudia huwa karibu riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi. Riyali 3.75 ni dola moja, kwa hiyo 900 ni dola 240. Mkataba ni wa miaka miwili. Jumla yake ni riyali 21,600, sawa na dola 5,760, na chakula na malazi ni juu ya mwajiri. Asiyenunua mengi anaweza kutuma nyumbani karibu yote. Familia nyingi zimesomesha wadogo na kuezeka nyumba kwa fedha hizo.

Au pair anapata zile euro 280, chumba chake, chakula na bima ya afya, ajali na madhara kwa wengine, vyote vikilipwa na familia. Familia pia hutoa euro 70 kwa mwezi kuchangia kozi ya Kijerumani. Kutuma nyumbani ni kugumu kuliko inavyoonekana: tikiti ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima, iliyoanza kwa euro 49 mwaka 2023, ilipanda hadi 58 mwaka 2025, na buti za msimu wa baridi hazisubiri.

Mjitoleaji hupata posho inayotofautiana kati ya shirika na shirika. Sheria inaweka kikomo cha juu, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 644 kwa mwezi, lakini taasisi nyingi hutoa chini sana ya hapo. Huu si mshahara wala haukukusudiwa uwe.

Kwa hiyo kabla ya kwenda Ujerumani kwa njia yoyote ya hizi mbili, kaa na wazazi uwaeleze kwa tarakimu: "Mwaka huu sitatuma zaidi ya kiasi fulani, na miezi mitatu ya kwanza sitatuma kitu." Iseme mbele ya mjomba au shangazi anayesikilizwa. Kijana ambaye hakusema hayo hupigiwa simu ya ada ya shule wiki ya pili, anaanza kutafuta vibarua vya pembeni ambavyo kibali cha au pair hakimruhusu, na siku akikamatwa anapoteza kibali chenyewe.

Saa za kazi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa au pair jembe lina kipimo: saa 30 kwa wiki na zisizozidi 6 kwa siku, zikihesabiwa pamoja na zile za kukaa na watoto jioni wazazi wakitoka. Ana siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki, jioni nne huru, angalau Jumapili moja kamili kwa mwezi, na likizo ya wiki nne kwa mwaka mzima. Kazi ni watoto, vyombo, pasi, kufagia kidogo. Kulea bibi mgonjwa au kusafisha ofisi ya baba mwenye nyumba si kazi ya au pair. Chumba kiwe chake peke yake, chenye dirisha, kisipungue mita 8 za mraba.

Kinachoharibika mara nyingi si ukatili bali uchungu wa kutosema. Kijana aliyelelewa kumwita kila mtu mzima mama au baba huona aibu kumwambia mama mwenye nyumba kwamba saa zimezidi. Mama naye anaona msichana anatabasamu, anaongeza kazi. Weka daftari dogo, andika saa za kila siku, na mwisho wa wiki kaeni mezani mlitazame pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa zako ni mali. Wajerumani wengi hawachukulii hilo kuwa ukosefu wa adabu.

Mjitoleaji hufanya kazi ya siku nzima kama wafanyakazi wengine, karibu saa 39 kwa wiki, ila mwaka wake una siku 25 za semina pamoja na wajitoleaji wenzake. Siku hizo zina thamani kubwa kwa aliyesafiri peke yake: ndiko anakopata marafiki wa rika lake na mtu wa kumweleza matatizo ambaye si bosi wake. Katika nyumba ya wazee kazi ni kuinua, kuogesha, kulisha. Mgongo huuma. Katika chekechea ni kelele na mafua ya kila wiki hadi mwili uzoee.

Saudia, kanuni za wafanyakazi wa nyumbani zilizoanza kutumika mwaka 2024 zinasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, mapumziko ya mfululizo yasipungue saa 8, na siku moja nzima ya mapumziko kila wiki. Kwenye karatasi ni nzuri. Shida ni nani anazihesabu ndani ya nyumba yenye geti. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilichapisha ushahidi wa wanawake Watanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, wakiwemo waliofanya kazi hadi saa 21 kwa siku na kunyang'anywa pasipoti. Si kila nyumba iko hivyo. Lakini huichagui nyumba utakayoangukia, na hilo ndilo linalotupeleka kwenye swali zito kuliko yote.

Nani ameshika kibali chako?

Au pair akishindwana na familia, mkataba wa kawaida unatoa notisi ya siku 14. Anaweza kutafuta familia nyingine na kumaliza miezi iliyobaki, mradi aiarifu ofisi ya wageni ya mji wake, inayoitwa Ausländerbehörde. Pasipoti inakaa kwake. Anaweza kufunga begi Jumamosi na kwenda kwa rafiki bila kuwa mhalifu. Udhaifu wake ni kwamba aliyejitafutia familia mtandaoni bila wakala hana mtu wa kati, na wiki hizo mbili za notisi anaishi na watu waliokasirika. Kwa hiyo, kabla ya kusafiri, pata namba za au pair wengine wawili wa nchi yako walio mji huo au wa jirani.

Mjitoleaji ana shirika lililomtuma, shirika lililompokea na mahali pa kazi. Mkigombana na mkuu wa kituo, shirika linaweza kukuhamisha. Kati ya njia zote tatu, hapa ndipo mtu wa mara ya kwanza anapokuwa na mikono mingi ya kumshika.

Saudia, kibali kimefungwa kwa mwajiri, yaani kafili. Mageuzi ya mwaka 2021 yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi wa kigeni kubadili mwajiri au kuondoka nchini bila idhini yake hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Ukitoka nyumbani kwa mwajiri bila utaratibu, anaweza kuripoti kwamba umetoroka, wanaita hurubu, na kuanzia hapo huna ikama (kibali cha kuishi) halali, huwezi kupanga nyumba, kutibiwa kwa urahisi wala kupanda ndege bila kupitia polisi. Wakenya wa huko huwaita wenzao walio katika hali hiyo kemboi, kwa jina la mkimbiaji maarufu wa kuruka viunzi na maji. Wengi walikimbia mateso ya kweli. Ila kukimbia kuliwafungia mlango wa kurudi.

Ipo nafasi nyembamba ya kuitumia. Siku 90 za mwanzo ni za majaribio, na ofisi ya uajiri ya Saudia, ile wanayoiita maktabu, inawajibika kwa mwajiri katika kipindi hicho. Mambo yakiwa mabaya, yaseme mwezi wa kwanza, kwa maandishi, kwa ajenti wa nyumbani na kwa maktabu, usisubiri mwezi wa saba. Mikataba ya kazi za nyumbani hupita kwenye jukwaa la serikali liitwalo Musaned, na kwa mikataba mipya tangu Julai 2024 mshahara hutakiwa kulipwa kwa njia ya kielektroniki, si taslimu. Dai njia hiyo, kwa sababu kumbukumbu ya benki ni ushahidi pekee ambao mwajiri hawezi kuuchoma.

Viza za Ujerumani hukwama wapi

Kwa au pair, tatizo la kwanza ni Kijerumani cha cheti. Kijana amekariri hadi akafaulu A1, lakini afisa akimwuliza kwa Kijerumani watoto wa familia wana miaka mingapi, anakaa kimya. Zungumza na familia kwa video kila wiki kwa miezi miwili kabla ya mahojiano, ukijua majina ya watoto, kazi ya wazazi, mji uko karibu na nini. La pili ni sababu isiyoshikamana: muuguzi wa miaka 26 anayesema anakwenda kulea watoto "kuona utamaduni" bila kueleza baadaye itamsaidia nini. La tatu, familia isiyofaa. Kijerumani kinatakiwa kiwe lugha ya nyumba hiyo, na kama si lugha mama ya wazazi, basi au pair asitoke nchi moja nao. Kwa hiyo shangazi aliyeolewa na Mkenya mwenzake huko Hamburg hawezi kukuita kama au pair, hata nia ikiwa njema.

Kwa anayejitafutia mwaka wa kujitolea, lugha hupanda hadi A2 na mara nyingi B1, maana wazee hawaongei Kiingereza. Hilo ni miezi mingi zaidi darasani.

Na jambo hili geni: hadi katikati ya 2025 aliyenyimwa viza aliweza kuuandikia ubalozi barua ya kupinga, bure. Tangu tarehe 1 Julai 2025 utaratibu huo umefutwa. Kilichobaki ni kuomba upya na kulipa upya, au kwenda mahakamani Berlin, jambo ambalo mtu wa kipato cha chini haliwezi. Ombi la kwanza lisipelekwe likiwa nusunusu.

Mwaka ukiisha

Weltwärts umejengwa juu ya kurudi nyumbani. Ukienda nao ukiwa na nia ya kubaki, utakuwa umeiba nafasi ya mwenzako na kulifungia shirika lako mlango. Au pair na FSJ ya kujitafutia ni tofauti: wengi huunganisha. Wanaanza na au pair, Kijerumani kinafika A2 au B1, wanaingia mwaka wa kujitolea hospitalini, kisha wanaanza mafunzo ya ufundi yenye malipo yaitwayo Ausbildung. Ya uuguzi ni miaka mitatu, na hospitali za umma hulipa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato tangu mwaka wa kwanza. Hapo ndipo Ujerumani inapoipita Ghuba kwa fedha, lakini ni mwaka wa pili au wa tatu baada ya kuondoka nyumbani.

Mnyororo huo hukatika kwa kuchelewa. Anza kutafuta nafasi inayofuata mwezi wa tano, si wa kumi na moja. Peleka ombi la kubadili kibali kabla ya cha sasa kuisha, na udai cheti cha muda, Fiktionsbescheinigung, kinachokulinda wakati ofisi inashughulikia faili. Vyeti halisi vya sekondari viwe nawe huko, kwa kuwa mamlaka ya jimbo huvitaka ili kuvitambua.

Ghuba, mkataba ukiisha, kuna mambo mawili: kurudi au kusaini tena. Hakuna ngazi ya kupanda ndani ya kazi yenyewe. Anayenufaika ni aliyeondoka na lengo lenye bei, kwa mfano cherehani tatu na kodi ya mwaka ya duka, akawa na mtu mwaminifu wa kumtunzia.

Tungeshauri nani nini

Mwenye miaka 18 hadi 24, asiye na mtoto wa kulisha, ambaye amekuwa akijitolea katika kikundi, timu au kanisa: aanze kwa kutafuta shirika la nyumbani lenye ushirika na Ujerumani kupitia weltwärts. Dayosisi nyingi za KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, kwa mfano, zina urafiki wa miaka mingi na makanisa ya huko. Aulize mwaka mzima kabla. Nafasi ni chache na atakataliwa huenda mara mbili, lakini kujaribu hakumgharimu shamba.

Anayependa watoto kweli, mwenye ndugu wa kumchangia bila riba na nidhamu ya lugha: au pair, na aombe akiwa na 22 au 23, si 26 na miezi kumi, ili akikataliwa abaki na muda.

Mwenye watoto, deni la hospitali au wadogo walioacha shule, aliyefika 21: kusubiri Kijerumani miaka miwili huenda hawezi, na hatutamwambia asiende Ghuba. Tunamwambia aende kupitia wakala aliye kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira kama ni Mkenya, au aliyesajiliwa na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama ni wa Tanzania Bara. Auone mkataba wa Musaned wenye jina la mwajiri na mshahara kabla ya kusaini. Na viza isomeke ya kazi, si ya matembezi. Anayekupitisha Namanga upande ndege Nairobi ilhali wewe ni Mtanzania anahakikisha kwamba nchi yako haina kumbukumbu yako.

Zikija ofa nyingine, zipime kwa kipimo kilekile. Kazi ya "huduma kwa wateja" Bangkok imewafikisha vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania kwenye kambi za utapeli za Myanmar. Na mpango wa Alabuga huko Tatarstan, Urusi, uliotangazwa kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22 kama kazi na masomo, shirika la habari la AP lilieleza mwaka 2024 kwamba uliwaweka kuunda ndege za kivita zisizo na rubani. Tikiti ya bure si uthibitisho kwamba ofa ni salama.

Siku ya kuondoka, begi la mkononi libebe pasipoti, mkataba au barua ya mwaliko, cheti cha bima, vyeti halisi, dawa, chaja na euro 100 au riyali za kutosha chakula cha siku mbili. Visiwekwe kwenye begi linalopimwa, maana hilo hupotea. Ujerumani, jiandikishe makazi manispaa ndani ya wiki mbili. Nyumbani, mama abaki na karatasi moja, iliyoandikwa kwa kalamu na si kwenye simu pekee: jina kamili la familia au mwajiri, anwani, namba ya mkataba, namba ya pasipoti yako, jina la ajenti na ofisi yake, namba ya ubalozi wenu huko, na siku ya wiki mliyokubaliana utakayopiga simu. Wiki mbili zikipita bila simu hiyo, karatasi ndiyo ya kwanza kupelekwa wizarani.